Semla za Timothy Mwadime

Timothy Mwadime ni mtu wa kunyamaza na mimi ni mtu wa kusema, kwa hiyo aliyetupa chumba kimoja hapa mtaa wa Al-Shumaisi alijua alichokuwa akifanya. Vitanda viwili, jiko la gesi la kuinamia, dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Mimi naitwa Laban. Naendesha gari la friji la mkahawa mmoja ulioko Al-Malqa, kaskazini mwa Riyadh, ambako nyumba zina lifti ndani na paka wana daktari wao. Timothy ndiye mwokaji wa mkahawa huo. Wateja huja, huagiza keki, huipiga picha kila upande, huonja kidogo, kisha huinuka na kwenda zao. Mimi hukasirika mpaka leo. Yeye hukusanya visahani na kusema, "Angalau wameonja."

Alifika Saudia zamani kuliko mimi. Alimwacha mkewe, Damaris, na binti wao Maryann aliyekuwa chekechea, pale Changamwe, Mombasa, na mpango ulikuwa mkataba mmoja tu kisha arudi. Sisi sote tulikuja na mpango huo. Alibeba zege, akalinda ghala, akaosha vyombo vya hoteli, na kila mkataba ukazaa mwingine. Damaris alipofariki, kafili wake wa wakati ule, yaani mwajiri aliyemdhamini, alikuwa safarini, na bila kibali chake hapakuwa na kutoka nchini. Timothy alimzika mkewe kwenye simu iliyoegemezwa kwenye mche wa sabuni. Jirani aliyeishika simu ya kule kaburini alikuwa akihangaika huku na huko, picha ikaonyesha viatu vya watu zaidi ya jeneza. Maryann alikuwa darasa la saba. Alionekana mara moja kwenye video ile, akaitazama simu, kisha akageuza uso.

Tangu siku hiyo hakumkosea baba yake adabu hata mara moja, na hilo ndilo lililokuwa likimmaliza Timothy. Akimtakia heri ya kuzaliwa, anajibiwa, "Sawa, asante, ubarikiwe." Akiuliza mtihani ulikuwaje, "Ulikuwa sawa, ubarikiwe." Akimpigia, simu inaita mpaka inachoka, halafu ujumbe unaingia: "Nilikuwa mbali na simu. Ubarikiwe."

"Huyu ni binti yako ama ni katibu wa kanisa?" nilimuuliza siku moja, nikidhani namchekesha.

Hakucheka. "Laban, mtu akikuheshimu hivyo, ujue wewe ni mgeni kwake," akasema. "Mama yake alikuwa akinigombeza kuanzia asubuhi. Viatu nimeviacha wapi, mbona nimechelewa, mbona nimemnunulia mtoto peremende. Natamani huyu naye anigombeze. Hata mara moja tu, nijue mimi ni wake."

Nilimwona mjinga. Mimi nimegombezwa na wanawake wengi na sijaona raha yake.

Sasa nieleze habari ya semla, maana bila hiyo Timothy angekuwa bado anaosha vyombo. Bosi wetu alisoma Sweden, akarudi na hamu ya vyakula vya kule. Alipofungua mkahawa alimleta mama mmoja wa huko, Gunilla, mwokaji mstaafu mwenye mikono mikubwa, aje kuwafunza vijana wa jikoni. Kitu cha kwanza kuwafunza kilikuwa semla. Ni andazi la mviringo la ngano, linaokwa, linakatwa kofia, linachimbwa katikati na kujazwa lozi zilizosagwa, juu yake krimu, kisha kofia inarudishwa na kunyunyiziwa sukari ya unga. Wasweden huila siku za kabla ya Kwaresima, na siku yake hasa ni Jumanne inayotangulia Jumatano ya Majivu.

Basi Gunilla alikanda unga, akatia maziwa, siagi, sukari, hamira, na iliki aliyoitwanga mwenyewe. Alipokwisha kutengeneza madonge akayafunika yaumuke, akatoka kupokea simu. Timothy, wakati huo mwosha vyombo wa mkahawa, alikuwa kwenye sinki. Akasikia harufu. Mama yake aliuza mahamri mbele ya nyumba yao pale Changamwe tangu yeye mdogo, na mtoto aliyelelewa hivyo akinusa ngano yenye hamira na iliki, mikono yake haimngoji. Gunilla aliporudi alikuta karai la mafuta linachemka na semla zake zinaelea humo, zimevimba vizuri, zimeiva rangi ya kahawia.

Timothy anasema alidhani kazi imeisha, na kwamba tayari alikuwa akifikiria atakunja nguo zipi kwanza. Yule mama alisimama akitazama karai. Akachukua moja kwa kijiko, akaipuliza, akaila. Akachukua ya pili, akakaa juu ya gunia lililokuwa pale ukutani, akaila ile nayo.

"Hii si semla," alisema kwa Kiingereza. "Lakini usimwambie mtu yeyote kwamba nimeila."

Kuanzia siku hiyo Timothy akawa mwanafunzi wake. Na ni pale pale, Gunilla akiwa bado anafuta mafuta midomoni, alipomweleza lile neno lilikotoka. Alisema semla halikuzaliwa Sweden. Kule lilifika kutoka kwa Wajerumani, ambao mkate wao mdogo wa ngano huuita Semmel. Hao nao walilitoa kwenye Kilatini, simila, na simila haikuwa keki wala mkate. Ilikuwa unga mtupu, ule unga mweupe wa ngano uliochekechwa ukawa laini. Halafu akalipiga kofi gunia alilokuwa amelikalia. Lilikuwa la samid, ile ngano ya chengachenga ambayo Waarabu huifanyia keki ya basbusa. Wataalamu wa maneno, alisema, wanaona kwamba simila yenyewe ilitoka huku Mashariki, kwenye lugha za kale za ukoo mmoja na Kiarabu, na kwamba samid ni ndugu yake aliyebaki nyumbani.

Jioni ile Timothy alirudi chumbani akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia.

"Fikiria, Laban. Liliondoka huku likiwa unga tu. Likapita kwa watu, kila mmoja akalitamka anavyoweza. Likawa mkate, likawa keki, likavalishwa krimu. Sasa limerudi huku, na wenyewe wanalitazama kwenye kabati ya vioo wanauliza, hii ni nini?"

Akavua soksi moja, akabaki ameishika.

"Mimi nikirudi Changamwe itakuwa hivyo hivyo," akasema.

Nikamwambia alale. Nami nina mahali pa kurudi, na hofu ni ile ile. Alimwandikia Maryann hadithi yote ya lile neno, ujumbe mrefu aliousahihisha mara nyingi. Jibu lilikuja kesho yake. "Sawa. Nimesoma. Ubarikiwe."

Gunilla alirudi kwao. Timothy akabaki na oveni yake, na kila mwaka Februari ikikaribia anaoka semla, watu wanapiga picha. Siku za mapumziko wenzetu wanacheza drafti na kupiga kelele barazani. Yeye hukaa kitandani akichanachana lebo za maboksi, simu iko pembeni, imelala kifudifudi ili asiione ikinyamaza.

Mwaka huu, mwezi wa kwanza, namba ya Maryann ilibadilika. Ikaanza na namba za huku. Ujumbe ulisema: "Niko Jeddah. Nimepata kazi ya nyumba mtaa wa Ruwais. Watu ni wazuri. Ubarikiwe."

Timothy aliusoma amesimama mlangoni na taulo begani. Binti alikuwa ametafuta wakala, akapimwa afya, akapata paspoti, akapanda ndege, yote bila kumuuliza yeye ambaye ameishi nchi hii karibu maisha yote ya mtoto huyo.

"Hata kuniomba ushauri," alisema. "Hata kunidanganya tu kwamba anaomba."

Kwa siku kadhaa hakula vizuri. Kisha mkahawa fulani wa Jeddah ukaagiza semla kwa bosi wetu, mimi nikapewa safari, na Timothy akaenda ofisini kuomba anisindikize ili akazijaze krimu huko huko zisiharibike njiani. Bosi alikubali. Timothy alimwandikia Maryann, Maryann akamuuliza madam wake, na jibu likaja kwamba Ijumaa alasiri familia itakuwa kwenye ufukwe wa bahari kwa shaabana. Ndiyo karamu ya watu wa Jeddah, wanayoila mwisho wa Shaaban kabla Ramadhani haijaingia. Madam alisema mzee aje hapo.

"Kumbe ni kuvunja jungu," Timothy akasema. Kwao Mombasa majirani Waislamu hula hivyo kabla ya mfungo, na watoto wa Kikristo nao hawakosi sahani.

Na mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zilipangiwa kuanza siku moja. Wasweden, watu wa Jeddah, watu wa Mombasa, wote wakisikia neno kufunga wanakimbilia jikoni. Nilimwambia hivyo njiani, akatabasamu kidogo.

Njia ni ndefu na haina cha kutazama. Timothy alikuwa amefunga sanduku dogo la pembeni, semla za Maryann, na kila tuliposimama alikwenda kuligusa. Alinyoa ndevu kwenye choo cha kituo cha mafuta. Aliniuliza kama shati linamkaa. Aliniuliza kama aanze na hadithi ya neno au aanze na salamu.

"Na nikimkosa?" aliniuliza tukiteremka milima ya Taif. "Nikimpita nisimjue?"

"Si una picha zake?"

"Hutuma za paspoti tu."

Alimjua. Paji la uso lilikuwa la Damaris, alisema, na hatua pia, ile ya mtu anayeogopa kuchelewa. Tulipofika, baada ya kushusha mzigo mkahawani, familia ilikuwa imetandika mikeka mikubwa kando ya bahari, na chupa za chai, masufuria ya wali, watoto wanaokimbizana. Baba wa nyumba, Abu Hatim, alikuwa mtu mnene mchangamfu. Aliposikia sisi ni nani alisimama, akamshika Timothy mabega, akamkalisha upande wa wanaume karibu naye. Sina la kumlaumu. Alitupa heshima zote za mgeni. Lakini Maryann alikuwa kazini, na mgeni huandaliwa na mfanyakazi wa nyumba.

Akaja na sinia la chai.

"Baba, chai," alimwambia Abu Hatim, kama anavyomwita kila siku. Kisha akamgeukia Timothy, akainama kidogo. "Karibu chai, mzee."

Timothy alipokea kikombe kwa mikono miwili. "Hujambo, Maryann."

"Sijambo. Safari ilikuwa njema?"

"Njema. Nyumbani wanasemaje?"

"Wazima wote. Tunamshukuru Mungu."

Akanimiminia na mimi, akaondoka. Nimesikia watu wakiongea na karani wa benki kwa uchangamfu zaidi ya huo. Niliitazama bahari ili nisimtazame rafiki yangu.

Timothy akafungua sanduku lake. Akakata kofia za semla, akajaza lozi, akabana krimu, na mikono iliyofanya kazi hiyo kwa miaka ikadondosha krimu nyingine mkekani. Abu Hatim akauliza hiki ni chakula gani. Basi Timothy akamsimulia, kwa Kiarabu chake cha kuokoteza, yote: Wasweden na mfungo wao, Wajerumani, Walatini, unga mweupe, samid. Maryann alikuwa amesimama karibu na chupa ya chai mkononi. Timothy alimtazama Abu Hatim, lakini hadithi alikuwa anampa binti yake. Aliposema kwamba neno limerudi na wenyewe hawakulijua, alikohoa.

Abu Hatim alifurahi mno. "Samid!" akasema, akijipiga paja. "Basi hii ni yetu. Imerudi nyumbani."

Watoto walilamba krimu, wakatupa mikate. Ilibaki semla moja, Timothy akainuka, akampelekea Maryann kwa mkono wake. Akaipokea na karatasi ya tishu.

"Asante sana. Nitakula baadaye," alisema. Akaiweka kwenye sinia, akarudi na sahani za wali. "Kuleni jamani, mmetoka mbali."

Jua lilipokuwa linazama madam akaita, "Yalla, Mariam, halas," na mikeka ikaanza kukunjwa. Kumbe hata jina walikuwa wamembadilishia. Timothy alinyoosha mkono. Binti akampa wake, akapinda magoti kidogo kama tulivyofundishwa kusalimia wakubwa wa kanisa.

"Ubarikiwe, mzee."

Tulilala kwa dereva mmoja wa kwetu na asubuhi tukashika njia. Mimi nilikuwa na hasira. Nilimkasirikia yule msichana, nikamkasirikia Timothy kwa kutabasamu kijinga pale mkekani, nikaikasirikia bahari kwa kuwa nzuri bure. Yeye alikaa na sanduku tupu mapajani.

"Basi nimemwona," alisema. "Amekua. Ana adabu."

"Mwache, Timothy. Mtu mzima yule. Umefanya yako."

 Tulikuwa tumeshapita Taif, jangwa limeanza, simu yake ilipolia. Ulikuwa ujumbe wa sauti, mrefu. Aliutazama, akashindwa kuufungua, akanipa simu. Nikaubonyeza, nikaiweka simu kwenye kishikio cha kikombe cha dashibodi. Nyuma ya sauti kulikuwa na maji ya bomba yanayomwagika.

"Wewe mzee wewe," Maryann alisema. "Nimekula hiyo keki yako. Iliki ni ile ya nyanya, ya mahamri yake, sijui umeitoa wapi. Nikaila yote halafu nikakasirika. Unamwelezea Abu Hatim safari ya unga. Unga ulienda hapa, unga ukafika pale, ukavaa krimu, ukarudi, woi, haukujulikana. Na unaniangalia hapo kando ndio nikuonee huruma. Mbona hujasema waliobaki walikula nini? Hujasema kwa sababu hujui. Hujawahi kuuliza. Miaka yote ni mtihani ulikuwaje, uko salama, heri ya kuzaliwa, kama pastor. Hujaniuliza tulikula nini mama akiwa kitandani. Hujaniuliza nani alinisuka siku ya mazishi. Nilikuwa naangalia ile simu nakungoja useme jina langu, na wewe unalia tu na watu wananitazama mimi."

 Maji yakaendelea kumwagika.

"Na hilo shati, kifungo cha pili hakiko. Mbele ya watu. Huko Riyadh sindano mafi, hakuna kabisa? Sikiza, ukifika unipigie. Sitaki message. Usiniandikie nimefika salama. Piga, nitakuwa juu naanika nguo."

Timothy aliinama akatazama shati lake. Kweli, kifungo cha pili hakikuwepo, na mimi niliyeulizwa kama linamkaa sikukiona. Akaipapasa ile nafasi kwa kidole. Akaniomba nirudie ujumbe, nikaurudia. Akaniomba tena.

"Amenigombeza, Laban," alisema, akilia waziwazi, sanduku linacheza mapajani. "Umesikia? Amenigombeza sana."

Nilisema nimesikia. 

Tulifika Al-Shumaisi jioni. Hakuvua viatu. Alikaa ukingoni mwa kitanda chake na kupiga, na simu haikuita mara mbili. Nilitarajia aanze kujitetea: kafili, kibali, mkataba, mambo anayoyajua kwa moyo na ambayo ni ya kweli yote. Hakuyataja.

"Niambie," alisema. "Mlikula nini?"

Kisha akainama na simu sikioni, na kwa namna alivyoshika kichwa nikajua kwamba ameanza kuambiwa.

Chumba chetu ni kimoja, kwa hiyo nilitoka nikaenda kukaa ngazini. Nilikaa huko mpaka mguu ukafa ganzi. Nikatoa simu yangu nikaangalia ujumbe wa mwisho kutoka nyumbani, kutoka kwa kijana wangu Ian. Ulisema, "Sawa, baba. Ubarikiwe."